Ingekuwa Siri, Ungeona

Mwanamwema binti Faki ndiye aliyewaosha maiti wote wa kike wa jumuiya yetu hapa Tottenham, London, tangu wa kwanza kufa mpaka huyu wa majuzi. Wanawake tulio hai tupo wengi, tuna mikono miwili miwili, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kazi ile. Naanza na hilo kwa sababu ukilikosa, haya mambo ya uchaguzi yote utayaona ugomvi wa wazee wasio na la kufanya. Wapo waliokwisha kusema hivyo. Mie nilikuwapo, na nawaambia hawajui walisemalo.

Jina langu Ummukulthum. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza wazee wa Kizungu majumbani mwao, mpaka magoti yakagoma nikastaafu. Mwanamwema nimempita miaka saba, kwa hivyo ananiita dada, ingawa yeye wa Wete na mie wa Chake, na hatuna bibi wala babu wa pamoja. Fleti yake iko chini ya yangu. Akikaanga samaki mie nashuka bila kuitwa, na yeye akisikia kimya kingi huku juu anapanda kutazama kama nimekufa. Ndivyo tunavyoishi.

Alikuja nchi hii baada ya yale mauaji ya Januari mwaka elfu mbili na moja, watu wa Pemba walipokimbilia Shimoni, upande wa Kenya, roho mkononi. Alikuja na mume na mtoto mmoja wa kiume. Mume hakukaa, kifua kilimuuma misimu miwili ya baridi, akafa. Mtoto, Abdulwakil, yuko Birmingham, kijana mwema, kila Ijumaa anapiga simu. Mama anasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na wanaelewana. Lakini mtoto wa kiume hamuoshi mama yake. Awe mwema vipi, mlangoni atasimama.

Namna alivyoingia katika kazi ile ni hivi. Alipokufa mwanamke wa kwanza miongoni mwetu tulikuwa wachache na wageni, hatujui hata msikiti gani una chumba cha kuoshea. Wanawake tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake, huyu mjamzito, yule ana presha, mwengine anaota vibaya. Wanaume wakaanza kusema basi, tuwaachie watu wa msikiti wasiotujua, waoshe wao. Mwanamwema ndiyo kwanza alikuwa katoka kazini. Akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya gauni, akaingia. Bibi yake alikuwa mwosha kule Wete na alimfunza tangu usichana. Alipotoka tulimbusu mikono, tukalia, tukasema Mungu akulipe. Baada ya hapo kila palipokuwa na msiba simu ililia kwake, na likawa jambo la kawaida, hakuna aliyelifikiria tena.

Na mwosha anaona. Anaingia chumba cha ndani kabla ya watu kupata nafasi ya kupanga. Anaona mgonjwa aliachwa vidonda mgongoni au aligeuzwa, anaona kama shuka zilifuliwa, anaona makovu ambayo mume anajua yametoka wapi. Mie nimekula na Mwanamwema, nimesafiri naye, nimelala hospitali naye, na wallahi sijapata kusikia kutoka kinywani mwake neno moja juu ya mwili wa mtu au nyumba ya mtu. Nimejaribu kumchokoza, maana mie mbea, najijua. Hunitazama tu, kisha ananiuliza kama nataka chai zaidi.

Riziki yake ilikuwa ufagio. Alisafisha katika jengo la Bunge kule Westminster, upande wa Baraza la Malodi, ile nyumba ya juu yenye viti vyekundu. Alikuwa akitoka na basi la alfajiri pamoja na wasafishaji wenziwe. Mbele ya ukumbi ule pana kitu kama godoro nene lililojazwa sufu na kufunikwa kitambaa chekundu, na hapo ndipo anapokaa Spika wao. Mwanamwema alikuwa akipita na mashine ya vumbi kulizunguka. Akiniambia, mie nikicheka, nikimuuliza, "Hujalikalia hata siku moja?" Akasema, "Dada, nisafishe kiti cha watu halafu nikikalie? Kwa adabu gani?"

Sasa jumuiya yetu nayo ina nyumba mbili, kama wao. Chini pana Kamati, ya vijana, ndiyo inayofanya kazi zote. Juu pana Baraza la Wazee, watu wa makamo na kuendelea, wake kwa waume, ndilo linalopitisha au kulaza. Wanawake ndio wengi barazani, maana wanaume wetu ama wanakufa mapema ama wanarudi kwao kuoa. Na mwenye kiti cha Baraza ana jambo moja tu la nguvu. Yeye ndiye anayesema leo tutazungumza hili na lile halizungumzwi.

Kiti hicho alikikalia Maalim Sufian miaka kumi na mitatu. Maalim si mtu mbaya, na hiyo ndiyo tabu yenyewe. Kasomesha Kurani watoto wetu wote, anacheka na kila mtu, hajapata kumuudhi mtu kwa neno. Mtu asiyeudhi mtu hafanyi kitu, lakini nani atamwambia?

Miaka mitatu nyuma Mwanamwema aliugua mapafu akalazwa, na hali ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda namchambulia chungwa, akaniuliza, "Dada, mie nikifa leo, ananiosha nani?" Nikamwambia aache maneno ya mkosi. Akasema, "Sikuulizi mkosi. Nakuuliza nani." Nikatafuta jina la kumpa. Nikawapitia wote kichwani, nyumba kwa nyumba, nikakosa. Yeye aliyewaosha mama zetu ataoshwa na mtu asiyejua hata jina lake, kama mzigo uliopotea. Alilia siku ile, na si mtu wa kulia.

Alipopona akapeleka jambo moja kwenye Kamati. Kila nyumba itoe mwanamke mmoja aje ajifunze kuosha, Jumamosi mbili tatu, basi. Hakutaka jengine. Kamati ikapitisha siku hiyo hiyo. Likapanda barazani. Maalim akasema, "Jambo zuri sana hili, Bi Mwanamwema. Inshallah kikao kijacho." Kikao kijacho akasema inshallah kijacho. Alijua wanawake hawapendi kusikia habari za maiti, na yeye hataki kumkera mtu, kwa hivyo jambo likalala, likaota kuvu. Ndipo Mwanamwema akanambia, "Nakitaka kile kiti. Nikae kikao kimoja tu, nilipitishe, kisha wakichukue."

Lakini kiti chetu kilikuwa hakichaguliwi, kilikuwa kinakubaliwa. Baada ya Fatiha mtu mmoja husimama akasema, "Mimi naona Maalim aendelee," mwengine akasema, "Tumekubali," halafu wanaulizwa wenye mawazo mengine wanyooshe mkono. Nani atanyoosha mkono mbele ya mwalimu wa mwanawe? Muhali. Sisi watu wa visiwani muhali, huko kuoneana haya, unatuua kabla ya maradhi. Mtu atakula chakula kilichochacha kwa sababu aliyempa ni jirani.

Mwanamwema akawaendea wanawake mmoja mmoja, jikoni kwao, kwenye harusi, kwenye hitima. Wote wakamwambia neno moja, kama waliokaa wakapanga. "Sisi tuko na wewe, Bi Mwanamwema. Sote. Lakini mkono kuunyoosha mbele ya Maalim, muhali. Ingekuwa siri, ungeona." Haifa ndiye aliyelisema kwa mapenzi zaidi. Haifa ni mwanamke wa makamo, ana nyumba ya ghorofa mbili na mama mgonjwa chumba cha chini, na siku ile alimshika Mwanamwema mikono yote miwili. "Wewe ni mama yetu. Ingekuwa siri, ungeona."

Mwenzangu akaichukua ile kauli akaiweka moyoni kama hirizi.

Kazini alikuwa na rafiki, Rupa, Muhindi aliyezaliwa Kisumu, anakaa Rayners Lane, anauza chai kwenye kantini ya Bunge. Walikuwa wakizungumza Kiswahili chao huku Wazungu wakipita. Siku moja Malodi wakawa katika habari ya Spika wao, na Mwanamwema akamuuliza Rupa watu hawa wanamchaguaje.

"Hawa hawainui mikono," Rupa akamwambia. "Zamani aliyekalia lile gunia la sufu aliwekwa na Waziri Mkuu. Siku hizi wanachagua wenyewe, wao kwa wao. Wenye kutaka wanasema wanataka. Halafu kila mtu anaandika namba kwa siri. Unayempenda kabisa namba moja, anayemfuata namba mbili, hivyo hivyo. Wakihesabu, kama hakuna amepita nusu, yule wa mwisho anatolewa, na karatasi zake zinapelekwa kwa wale waliandikwa namba mbili. Mpaka mmoja apite nusu."

"Na hajulikani nani kamwandika nani?"

"Hata mke wake mtu hajui. Na akishakaa pale, dada, wala hawezi kumwambia mtu nyamaza. Wanajinyamazisha wenyewe."

Hilo la mwisho halikumgusa Mwanamwema. Alishika la siri. Alirudi siku hiyo akapanda ngazi kuja kwangu hata koti hajavua, uso unang'aa. Nikamwambia, "Lakini wewe, wale ni Malodi, wana majumba na farasi. Sisi tuna ukumbi wa kukodi juu ya saluni ya nywele." Akasema, "Muhali wao na wetu ni mmoja, dada. Wangekuwa hawana, wangenyoosha mikono."

Akaliandikia Baraza kiti kichaguliwe kwa namba na siri. Asad akamuunga mkono. Huyu Asad ni mhasibu, mdogo kuliko wazee wengi pale, anapenda mambo yaende kwa utaratibu, na yeye mwenyewe alikuwa anakitaka kiti. Lakini alikuwa mkweli. Alimwambia Mwanamwema mbele yangu, "Bi Mwanamwema, mimi nasimama na wewe unasimama. Nikipata mimi, jambo lako la kuosha nitaliweka la kwanza kikao cha kwanza. Hilo nakuahidi." Na Maalim je? Maalim akakubali namba, akakubali siri, akakubali kila kitu, kwa sababu hakujua kukataa. Wakawa wagombea watatu.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri. Wanawake walikuja wamevaa vizuri, na kila aliyepita alimbusu Mwanamwema na kumbana mkono kwa namna ya kusema unajua. Haifa alimnong'oneza kitu wakacheka wote wawili. Tulikuwa watu thelathini na sita barazani, wanawake ishirini na mmoja. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe nikiwa nimekaa, nikamwambia Mwanamwema sikioni, "Wanawake peke yao wanatosha." Akaniambia ninyamaze, lakini niliona anatabasamu.

Kamati ndiyo iliyohesabu, na aliyesoma ni Miska, binti wa Haifa, ndiye katibu wao. Mtoto kazaliwa hapa, anasoma Kiswahili kama anayevuka barabara, anatazama kila upande. Tukaandika, tukakunja, tukatia ndani ya sufuria ya biriani, maana sanduku hatukuwa nalo. Mie niliandika moja kwa Mwanamwema na hapo nikasimama. Kichwani mwangu wa pili sikuwa naye.

Miska akasoma. "Maalim Sufian, kumi na sita. Asad, kumi na tano. Bi Mwanamwema, tano."

Nilidhani mtoto kakosea kusoma. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, tano. Tano, na humo ndani mna yangu na yake mwenyewe. Katika wanawake kumi na tisa waliobaki, waliosema sote tuko na wewe, na tuseme mwanamme hata mmoja hakumpa, hawakupatikana zaidi ya watatu. Nikageuza shingo kuwatazama. Kila mmoja ghafla alikuwa na kitu ndani ya mkoba anakitafuta. Haifa alikuwa anafuta miwani.

Nimeishi miaka mingi na sijaona aibu kama ile. Angekuwa kashindwa kwa mikono tungesema muhali, wanamuogopa Maalim. Tungekwenda nyumbani na udhuru wetu. Sasa udhuru haukuwapo. Hapakuwa na jicho la Maalim juu ya mtu, kila mmoja alikuwa peke yake na kalamu, na walipokuwa peke yao ndivyo walivyofanya. Kumbe muhali hawakuwa nao kwa Maalim tu. Walikuwa nao kwa Mwanamwema pia, wakimwambia usoni alilotaka kusikia, na siri ile aliyoitafuta ndiyo iliyowafungua. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na utaratibu wa Rupa ulikuwa haujesha. Hakuna aliyepita nusu, kwa hivyo wa mwisho anatolewa na karatasi zake zinagawiwa. Miska akazishika zile karatasi tano, akasoma wa pili mmoja mmoja, mbele ya watu. Asad. Asad. Ya tatu haina mtu wa pili, na hiyo ni yangu. Sufian. Halafu ya mwisho, Sufian.

Kumi na nane kwa kumi na saba. Maalim akarudi kitini. Akasimama, akashukuru, kisha akasema kwa sauti yake ile nzuri, "Na lile jambo la Bi Mwanamwema nalo tutaliangalia, inshallah, kikao kijacho." Watu wakaitikia inshallah. Mwanamwema naye akaitikia.

Tulirudi kwa miguu kwa sababu hakutaka kupanda basi wakamuona watu. Mie nilikuwa nachemka. Nikasema, "Wawili kati ya watu wetu watano wamemuandika Maalim wa pili. Mmoja wao tu angemuandika Asad, Asad angepata, na jambo lako lingepita. Ningemjua huyo mtu ningemtia kofi." Akaendelea kwenda. Tulipofika kwenye ngazi akasema, "Nitie, basi."

Sikumfahamu mara moja. Nikamtazama.

"Maalim kamsomesha Abdulwakil juzuu zote thelathini," akasema. "Hakunitoza hata shukrani. Kalamu ikiwa mkononi nikaona, nitamuwekaje chini ya Asad? Nikaona muhali."

"Lakini ilikuwa siri, Mwanamwema. Nani angejua?"

"Ningejua mie."

Nilikaa pale kwenye ngazi na magoti yangu nikamlaani kila mtu, mpaka huyo Rupa na Malodi wake ambao hawakutukosea kitu. Nilimkasirikia na Mwanamwema. Mtu mmoja tu katika ukumbi mzima alikuwa na haya ya kweli, ile inayobaki hata watu wasipotazama, na haya hiyo ndiyo iliyomfunga kamba. Wale wasiokuwa nayo walikwenda zao kula pilau.

Siku chache baadaye nilikutana na Haifa sokoni, akataka kunipita kwa salamu. Nikamzuia kwenye ndizi. Nikamuuliza bila kupinda, "Alikukosea nini?"

Akatazama huku na huku. "Hajanikosea, Bi Ummu. Mtu mzuri sana. Lakini hebu fikiri. Kila nyumba kaingia chumba cha ndani. Kamuosha dada yangu, kaona alivyokuwa. Kamuosha wifi yangu. Anajua nyumba gani mgonjwa alioza na nyumba gani alitunzwa. Mtu kama huyo umuweke mbele, akae juu, akutazame kila mwezi? Mimi nitafungua mdomo kusema nini, na yeye ananijua?"

"Amesema lolote? Miaka yote hii, umesikia neno?"

"Hapana," akasema. "Ndiyo maana. Laiti angesema, tungemgombeza yakesha. Anakaa nayo tu."

Shukrani ya punda ni mateke, walisema wazee, lakini punda angalau hakubusu mkono kwanza. Nikamuacha pale na ndizi zake. Kwa Mwanamwema sikulipeleka neno lile, kwa mara ya kwanza katika umri wangu nikaufunga mdomo. Sijui kama lilimfikia kwa njia nyengine. Alikwenda kazini, akarudi, akakaanga samaki. Rupa alimuuliza uchaguzi umekwendaje, akamjibu umekwenda vizuri sana, kama wa Malodi.

Wiki ya tatu mama yake Haifa akafa.

Nilikuwa kwa Mwanamwema namenya muhogo simu ilipolia. Aliiweka juu ya meza na sauti nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Haifa analia, maneno hayashikani. "Bi Mwanamwema, mama katutoka. Tunakungoja. Njoo."

Mwanamwema akafuta mikono polepole, kidole kwa kidole. "Innalillahi," akasema. "Poleni sana, mwanangu." Kisha akaiinamia simu. "Haifa, ulimwita nani kwanza?"

"Sijamwita mtu. Nimekuita wewe."

"Anza na namba moja. Akishindwa, mwite namba mbili. Mie nilikuwa wa tatu."

  Nikasema kwa sauti ili Haifa asikie, "Usende. Mwache Maalim akamuoshe." Nilitaka akatae. Nilitaka kwa roho yangu yote, mara moja tu katika maisha yake amwambie mtu hapana, na maiti ilale pale mpaka wajifunze.

Lakini alikuwa kashainuka anatafuta mkoba wake, ule wenye kafuri, pamba na majani makavu ya mkunazi. Akaizima simu bila neno zaidi. Akanambia, "Yule mama hakupiga kura, dada. Amekufa tu."

Nikavaa nikamfuata. Kwenye chumba cha kuoshea cha msikiti wanawake walikuwa wamekaa nje kwenye viti, wale wale, wamejifunika. Waliinuka kumbusu mkono. Aliwapa mkono, mmoja baada ya mmoja. Akasema anahitaji mtu wa kummiminia maji. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hapa hapakuwa na Maalim. Akamtazama Haifa, Haifa akageuza uso ukutani. Akamtazama Miska. Mtoto akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. "Auntie, I can't. Sorry, I can't." Yeye simlaumu, hakufunzwa, na tunajua kwa nini hakufunzwa.

Nikaingia mie.

Ndani ni chumba cha vigae vyeupe, kina meza ya chuma na mpira wa maji. Yule mama mgongoni alikuwa na vidonda viwili, vikubwa. Niliviona. Mwanamwema akavifunika kwa pamba kwa upole, kama anayemfunika mtu aliyelala usingizi mwepesi, na uso wake haukuonesha kitu. Akanishika mkono wenye ndoo.

"Anza upande wa kulia," akasema. "Kulia kwanza, kushoto baadaye. Maji ya mkunazi mwanzo, ya kafuri mwisho. Hivyo. Usimwage kwa juu, yaache yateremke."

"Mie mtu mzima, Mwanamwema. Hunifundishi saa hizi."

"Nakufundisha."

Nikafahamu. Nikaiweka ndoo chini. "Mwosha huoshwa," nikasema, "usitie hofu, Mungu atakuletea mtu. Hao wanawake wote nje—"

"Hao nimekwisha kuwaona," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa anamchana yule mama nywele, anazigawa mafungu matatu kama anavyomsuka mtoto wa skuli. "Mie wangu wa kwanza ni wewe, dada. Wa pili sina."

Mie, niliyempita miaka saba, ambaye magoti yangu yaligoma zamani. Akaninyooshea ndoo. Nikaipokea, nikaanza kumimina kulia.